RAV4 imebadilishwa oili na filta ya giaboksi, sasa gia inachelewa kuingia. Mafundi wa Unguja na Pemba njooni

#1 Bint wa Jambiani

Assalaam alaykum wana jukwaa. Nimekuja na gari yangu mnisaidie kabla sijaingia gharama isiyo na sababu.

Ni RAV4 ACA21, injini 1AZ, inavuta magurudumu yote manne, otomatiki ya gia nne yenye kijiti cha kupimia oili. Kazi yake ni wageni: uwanja wa ndege Kisauni, Paje, Jambiani, mara mojamoja Nungwi. Ilikuwa inakwenda vizuri tu. Ila oili ya giaboksi ilikuwa imeshapiga kahawia, na kwa kuwa gari imekuja mtumba kutoka Japani sina karatasi inayoonyesha ilibadilishwa lini. Nikaona bora nibadilishe pamoja na filta. Fundi akashusha sampo (lile bakuli la oili chini ya giaboksi), akafunga filta mpya, akatia oili.

Tangu siku hiyo, asubuhi nikitia D gari haiondoki. Nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo inaingia kwa kishindo. R ni vilevile. Kuna mluzi mwembamba chini, unapanda kila ninavyokanyaga mafuta. Na nikishapita tuta nikakanyaga tena, mshale wa mzunguko wa injini unaruka juu, gari haisongi, halafu ghafla inashika. Taa ya O/D (ile inayotoa ishara giaboksi ikiwa na hitilafu) haiwaki wala haimetimeti.

Nimerudi kwa fundi, kaniambia giaboksi imekufa, "oili mpya imeizindua", nitafute nyingine ya mtumba Dar. Kweli giaboksi nzima hufa kwa kubadilishiwa oili?

#2 Dereva wa Zamani

Nshasema humu mara nyingi na hamsikii. Gari ya umri huo ikiwa inakwenda, oili yake usiiguse. Ule uchafu ndio uliokuwa unazishikilia klachi za ndani ya giaboksi. Pole sana dada.

#3 Spana Kumi na Nne

Tumuweke pembeni kidogo mzee wetu wa "usiiguse", nitamrudia.

Dada, kabla hujatuma hata shilingi Dar, nijibu haya. Kiwango cha oili kilipimwa vipi, injini inawaka au imezimwa? Oili gani ilitiwa, kopo lina maandishi gani? Sampo ilifungwa kwa gasketi au kwa silikoni? Na betri ilifunguliwa?

#4 Bint wa Jambiani

Ahsante kwa kunijibu. Fundi alipima injini imezimwa, gari baridi, akanionyesha kijiti kimejaa mpaka juu. Oili haikuwa na kopo, alikuja nayo kwenye dumu, nyekundu, ya kupimiwa kutoka kwenye pipa. Gasketi mpya haikupatikana, akatumia silikoni nyeusi. Betri haikuguswa.

#5 Mjukuu wa Bububu

Umeshasema silikoni nyeusi mimi nshatoka mbio 😂

#6 Spana Kumi na Nne

Bint wa Jambiani, majibu matatu kati ya manne yananitia wasiwasi. Tuanze na lile ambalo kulirekebisha ni bure.

Oili ya injini hupimwa injini imezimwa. Ya giaboksi ya otomatiki ya Toyota yenye kijiti ni kinyume chake, hupimwa injini ikiwa inawaka. Pampu ya giaboksi huzungushwa na injini. Ukizima, oili iliyokuwa kwenye njia za juu, na nyingine inayoshuka kutoka kwenye konvata (kile kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa njia ya oili), hurudi kwenye sampo, na kijiti kinakwambia imejaa. Washa tu, pampu inaivuta kwenda kujaza konvata na valvu bodi (inayoigawa oili kwenye klachi), na huku chini sampo inabaki na upungufu ambao hakuna aliyeuona. Pampu ikikosa oili hunyonya hewa. Hewa haisukumi klachi. Ndiyo hiyo D yako ya kuhesabiwa, na huo mluzi.

Fanya hivi. Endesha mpaka gari ipate moto wa kweli, si moto wa kuzunguka mtaa. Kutoka kwenu mpaka Tunguu inatosha. Simamisha pahala tambarare, handibreki juu, mguu kwenye breki, injini silensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta). Pitisha gia P, R, N, D, 2 mpaka L, kila moja uipe sekunde mbili tatu, kisha rudi P. Usizime. Chomoa kijiti, kipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena na usome. Kina sehemu mbili, COOL chini na HOT juu. Oili ya moto lazima iwe ndani ya HOT. Ile COOL ni ya kukisia tu wakati umejaza na bado haijapata moto.

Ukikuta pungufu, tia kwa mrija huohuo wa kijiti, robo lita, kisha upime. Usijaze kwa papara. Ikizidi, gia zinazozunguka ndani huipiga ikatoa povu, na pampu ikinyonya povu utaona dalili zilezile za upungufu. Nimeona watu wanahangaika hivyo wiki nzima, leo wametoa, kesho wametia.

Jambo jengine la kumuuliza fundi wako: alitia lita ngapi? Ukifungua nati ya chini kwenye gari hiyo hutoka lita tatu na ushei mpaka nne, nyingine yote inabaki ndani ya konvata. Ukishusha na sampo na filta hutoka zaidi kidogo. Wengi wanarudisha kile kipimo walichozoea cha nati tu.

#7 Mchina wa Kwerekwe

Spana unatisha watu bure. Haidroliki ni haidroliki, nyekundu ni nyekundu. Mimi natia ya pipa kwenye Spacio mwaka wa ngapi sijui, inakwenda Makunduchi na kurudi.

#8 Spana Kumi na Nne

Mchina, unatia kwenye giaboksi au kwenye stelingi? Nauliza kwa sababu stelingi za Toyota za umri huo hutumia haidroliki ya kawaida ya Dexron, na hiyo ndiyo iliyojaa kwenye mapipa. Rangi ni rangi ya kupakwa tu, imewekwa ili uvujaji ujulikane ni wa nini. Haikwambii kitu kuhusu kilichomo.

Oili ya giaboksi inasukuma, inapoza, na juu ya hayo ndiyo inayoamua klachi za ndani zishike kwa ukali gani. Kila aina ina kemikali zake za msuguano. RAV4 ya huyu dada inataka Toyota T-IV. Mara nyingi kijiti chenyewe kimechongwa jina la oili, mtu akijipa dakika ya kukifuta na kukisoma. Ukikosa ya Toyota, tafuta kopo ambalo nyuma yake limeandikwa T-IV au JWS 3309. Na msikimbilie ile oili ya Toyota WS kwa kuwa ni mpya na ni ghali. WS ni nyepesi zaidi, imetengenezwa kwa giaboksi zilizokuja baadaye.

Oili isiyo yake haiui gari siku ya kwanza. Utaanza kuiona ukiwa kwenye 60 mpaka 80, pale konvata inapojifunga: gari inatetemeka kwa sekunde mbili, inaacha, inatetemeka tena. Mtu anakwenda kusawazisha matairi.

#9 Mchina wa Kwerekwe

Mbona sasa umenisema mimi hasa. Matairi nimeshasawazisha.

#10 Mpemba wa Konde

Naomba nidandie uzi. Noah yangu ni ya 2005, AZR60, iko Chake. Nayo imebadilishwa oili majuzi kwa hiyohiyo nyekundu. Inavuta lakini ikianza kuondoka inatikisika, na pale kwenye vilima vya Wete inalia. Ni tatizo hilihili?

#11 Spana Kumi na Nne

Yakhe, hapo kuna jambo kubwa zaidi. Noah za umbo hilo za mwanzo zilikuwa na otomatiki ya gia nne. Zile zilizofanyiwa mabadiliko mwaka 2004 zikatiwa CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua. Bodi moja, moyo tofauti. Fungua boneti au mlango, tafuta kile kibati cha Toyota, soma pale palipoandikwa TRANS/AXLE. Kikianza na U ni ya gia. Kikianza na K ni CVT. Rudi hapa unambie, na mpaka hapo iache imesimama.

#12 Bint wa Jambiani

Nimepima kama ulivyoelekeza, kwenye uwanja wa duka pale Tunguu. Mara ya kwanza kijiti kilitoka kikavu, nikadhani sikukisukuma mpaka mwisho. Nikarudia. Kikavu, tone moja tu kwenye ncha, chini hata ya COOL!

Nikatia robo robo mpaka ikafika katikati ya HOT. Imekula lita nzima na zaidi. Sasa D inaingia pale pale, R pia. Lakini mluzi upo bado, umepungua tu. Na gari ikishapata moto nikakanyaga sana, mfano kumpita mtu pale baada ya Jozani, mshale bado unaruka baina ya gia ya pili na ya tatu.

#13 Msafiri wa Fuoni

Tia ile dawa ya kopo dogo ya kuziba kuteleza. Nimeiona dukani Darajani.

#14 Spana Kumi na Nne

Fuoni, ile dawa kazi yake ni kulainisha na kuvimbisha sili zilizokauka. Hapa gari haikuwa na tatizo kabla ya kufunguliwa. Sili hazikukauka siku ile alipokwenda gereji. Kitu kilichobadilika ni oili, filta na namna sampo ilivyofungwa. Basi tutafute humo humo.

Dada, umeshatibu nusu. Iliyobaki inanukia filta. Zipo njia tatu za filta mpya kuleta balaa. Moja ni kutokaa sawasawa: sili ya mdomo wake imekatika au haipo, au ile ya zamani imebaki juu na mpya ikasukumwa juu yake, basi pampu inanyonya hewa pembeni. Ya pili ni sampo kubonyea. Mtu akipiga jeki katikati ya sampo, chuma kinapanda juu kinaziba mdomo wa filta. Ingia chini na tochi ya simu utazame.

Ya tatu ni silikoni, na hii ndiyo ninayoishuku. Ikipakwa nyingi, bolti zikikazwa nusu inatokea nje na nusu inaminywa kwenda ndani. Ile ya nje fundi anaifuta, inapendeza. Ya ndani inabaki inaning'inia, oili ya moto inaikata, inakwenda kwenye filta. Ukiendesha polepole oili inayopita inatosha. Ukikanyaga, pampu inataka nyingi, haipati, klachi ya tatu inachelewa kushika. Na kila mara inapoteleza hivyo inajila yenyewe, kwa hiyo usiendelee na wageni mpaka ishushwe tena.

#15 Bint wa Jambiani

Nimeingia chini. Sampo ina bonde, upande wa mbele, alama ya jeki imo kabisa. Haya.

#16 Mjukuu wa Bububu

Kesi imekwisha, mshitakiwa ni jeki.

#17 Dereva wa Zamani

Mimi bado nangoja nijibiwe. Shemeji yangu alibadilisha oili, gari haikumaliza mwezi. Hilo mnalielezaje?

#18 Spana Kumi na Nne

Mzee wangu, hukusema uongo, umeipa oili kesi isiyo yake. Watu wengi hawaikumbuki oili ya giaboksi mpaka ianze kuteleza. Klachi zimeshakwisha, unga wake umo ndani ya oili imekuwa nyeusi na ina harufu ya kuungua. Katika hali hiyo oili chafu inaweza kweli kuongeza msuguano kidogo, na ukiitoa, klachi iliyokwisha inajulikana. Ingekufa tu, pengine baada ya miezi michache. Kwa gari ya namna hiyo na mimi humwambia mwenyewe mapema kabla ya kugusa nati: hii si ya oili, hii ni ya kufunguliwa.

Lakini oili ya kahawia isiyonuka, gari inabadilisha gia vizuri, mwaga bila ya hofu. Mwaga kwa nati, usikubali ile mashine ya kusukuma kwa nguvu. Jaza, tembelea muda, mwaga tena. Kwa kuwa nyingi inabaki kwenye konvata, mara moja haisafishi.

#19 Mama Mwera

Na oili ikiwa rangi ya maziwa ya stroberi? Yangu IST, ilipita maji Kibonde Mzungu masika yaliyopita.

#20 Spana Kumi na Nne

Hayo ni maji yameingia, mama. Yanaweza kuwa yamepita kwenye kipumulio cha giaboksi siku ile ya mafuriko. Lakini tazama na rejeta. Oili ya giaboksi hupozwa kwenye kibomba kilichomo ndani ya rejeta, upande wa chini, na huku kwetu watu wanajaza rejeta kwa maji ya kisima, sehemu kubwa ya kisiwa hiki ni mawe ya matumbawe, maji yana chokaa na pengine chumvi. Kibomba kikitoboka, maji ya rejeta na oili vinachanganyika. Ukiona utelezi wa oili kwenye maji ya rejeta, ndicho hicho. Kwa vyovyote usiiendeshe, gundi ya klachi haivumilii maji.

#21 Bint wa Jambiani

Narudi na majibu. Nilikwenda kwa fundi mwengine, wa Mwanakwerekwe, nikasimama hapohapo mpaka sampo ikashuka.

Kwanza bonde la jeki. Fundi alisema asikisie. Akaomba unga kwa mama anayechoma chapati nje, akakanda vidonge vitatu, akavibandika kwenye mdomo wa filta, akaipandisha sampo tupu na kuikaza kwa bolti chache, akaishusha. Vidonge havikuguswa! Nafasi ilikuwepo. Akavibandua, akapafuta mpaka pakang'ara. Jeki ameachiwa huru.

Kisha akafungua filta. Mdomo mzima ulikuwa na nyuzi nyeusi za silikoni kama tambi, nyengine ndefu nusu kidole, na kipande bapa kimelala juu ya wavu kimeziba sehemu kubwa. Ukingo wa sampo kwa ndani ulikuwa umejaa mistari inayoning'inia, unaivuta inakatika mkononi. Sumaku za ndani ya sampo zilikuwa na matope ya kijivu laini tu, hakuna chembe za chuma. Fundi akasugua vidole, akaninusisha oili. Haina harufu ya kuungua.

Ilibidi gasketi na T-IV viletwe kwa boti kutoka Dar, gari ikasubiri. Imefungwa kwa gasketi kavu, bila ya tone la silikoni, bolti zinakazwa kwa kukingamanisha, kidogo kidogo. Akanionyesha: nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Tukajaza, tukapima moto, injini inawaka.

Mluzi hakuna. Jozani nimempita mtu, mshale umetulia. Kuna kitu kidogo tu: asubuhi ikiwa baridi, ya kwanza kwenda ya pili inashtuka kidogo.

#22 Spana Kumi na Nne

Alhamdulillah. Huyo fundi wa vidonge vya unga mshike sana.

Mshtuko wa asubuhi usiukimbilie. Ndani ya konvata bado mna ile ya pipa. Ukishatembelea, mwaga kwa nati ujaze T-IV tena, halafu urudie baadaye. Ikiwa baada ya hapo unazidi, na hasa taa ya injini ikiwaka, usimruhusu mtu afungue giaboksi kabla ya kuipima kompyuta ya injini. RAV4 za 2001 hadi 2003 zina historia ya kompyuta hiyo kuchoka, ikaanza kuamrisha gia vibaya, na watu wakabadilisha giaboksi nzima na ugonjwa ukabaki.

#23 Mchina wa Kwerekwe

Spana, lita ngapi za T-IV kwa Spacio? Naulizia rafiki.

#24 Spana Kumi na Nne

Mwambie rafiki yako apime inayotoka kwenye chupa zenye alama, arudishe kiasi hichohicho, halafu amalizie kwa kijiti. Na asome kijiti chake kimeandikwa nini.

#25 Mpemba wa Konde

Samahani kuchelewa. Kibati kimesema K111. Nina safari ya Mkoani Ijumaa kuwahi boti, naweza kwenda nayo tu kisha nibadilishe nikirudi?

#26 Spana Kumi na Nne

Usiende nayo. K111 ni CVT, ndani mna mkanda wa chuma umebanwa baina ya puli mbili, na kinachouzuia usiteleze ni oili yake maalumu, CVTF TC. Hiyo ya pipa haina uwezo huo. Ukiteleza mara moja unakwaruza puli, na puli zikishakwaruzwa hakuna oili itakayorekebisha. Mtikisiko unaousikia wakati wa kuondoka huenda ndio mwanzo wake.

Mwaga iliyomo, tia TC, washa pahala pamoja upitishe gia zote, mwaga tena, tia TC nyengine. Ikiwa haipatikani hapo Chake, agiza, gari ikae. Mkoani panda daladala.